Hema Juu ya Whitby

Kigingi cha hema hakitaki nguvu nyingi. Hupigwa mshazari, kichwa kikilalia mbali na hema, na katika mashamba yaliyo juu ya mji wa Whitby, pwani ya Yorkshire, hushuka kwa wepesi kwenye nyasi na udongo wa juu, kisha hugota. Hapo pana udongo mzito wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe, mzigo ulioachwa na barafu ya zama za kale ilipoyeyuka, na chini ya huo kuna miamba ya umri wa miaka milioni 180 hivi, iliyojaa viumbe wa bahari waliogeuka mawe. Mwenye hema hukisogeza kigingi vidole viwili pembeni, hupiga tena, hukaza kamba, naye amekwisha kupata makao. Hana hati wala ufunguo. Amelipia kipande cha nyasi kwa usiku mmoja au kwa wiki, na masharti ya mwenye shamba ni machache: lango lifungwe, mbwa afungwe kamba kwa ajili ya kondoo, kelele zikome usiku. Upepo unatoka Bahari ya Kaskazini bila kizuizi. Chini huonekana paa nyekundu zilizobanana kwenye kingo mbili za mto Esk, magati mawili yaliyonyooshwa baharini kama mikono, na juu ya jabali la mashariki, magofu ya abasia yasiyo na paa. Pwani hii kwa sehemu kubwa hutazama mashariki, lakini Whitby pamegeuza uso kaskazini, hivyo katika siku ndefu za Juni jua huchomoza baharini na kutua baharini, na aliye hemani huyaona yote mawili bila kuhama.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Methali hiyo humtwika mgeni mzigo mzuri, nao ni mzito kuliko aonavyo mwenyewe: kuja kwake kuwe dawa. Whitby ni mji ulioponywa na wageni mara nyingi, na mara nyingi umejeruhiwa nao, kwa zaidi ya miaka 1,300. Ndiyo maana kipande cha nyasi juu yake ni mahali pafaapo kuuliza ni haki gani aliyo nayo mtu katika ardhi isiyo yake, na anadaiwa nini na wale watakaobaki yeye akishakunja turubai.

Kulala hemani kwa kupenda ni jambo la juzi tu. Askari, wafugaji na misafara ya wafanyabiashara walilala hemani kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine. Aliyeligeuza hema kuwa furaha ya watu wa kawaida wa Uingereza alikuwa fundi cherehani, Thomas Hiram Holding. Mwaka 1853, angali mtoto, alivuka nyika za Marekani pamoja na wazazi wake katika msafara wa magari ya kukokotwa, na hamu ya kulala nje haikumtoka tena. Alipokuwa mtu mzima alibuni mahema mepesi ya kubebwa kwenye baiskeli. Mwaka 1901 yeye na wenzake wakaunda chama cha wapiga kambi wa baiskeli, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha mwongozo. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1907, Robert Baden-Powell aliwapeleka vijana wachache, wa matajiri na wa maskini pamoja, kulala hemani kisiwani Brownsea, na skauti wakazaliwa. Mwisho wake wasomaji wa Kenya wanaujua: amezikwa Nyeri tangu 1941, na skauti wa nchi nyingi hufunga safari kulizuru kaburi lake. Lakini hema halimsaidii mtu asiye na likizo. Mpaka 1938, bunge lilipopitisha sheria ya likizo yenye malipo, wafanyakazi wengi wa viwandani walipopumzika wiki moja waliikosa mishahara ya wiki hiyo. Furaha ya kuamka na umande ilipiganiwa kama ilivyopiganiwa mishahara.

Na ardhi yenyewe ilipiganiwa. Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout, ambako wenye ardhi waliwafungia watu njia ili ndege wa kuwindwa wasisumbuliwe. Vijana watano walifungwa jela. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya mbuga za taifa na haki ya kufika mashambani, na mwaka 1952 nyanda za juu zilizo nyuma ya Whitby, zile zinazogeuka zambarau kila Agosti vichaka vinapochanua, zikawa mbuga ya taifa ya North York Moors. Hata hivyo, mpaka leo mtu hawezi kutua popote apendapo Uingereza na kusimamisha hema. Lazima mwenye ardhi akubali. Dartmoor, kule kusini-magharibi, ni mahali pa pekee ambapo sheria inamruhusu mpita njia kulala katika ardhi ya malisho ya pamoja, na ruhusa hiyo nayo ilibidi itetewe hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua Mei 2025 kwamba watu wanayo kweli. Majaji wa ngazi ya juu kabisa waliketi kupima kama kulala ni sehemu ya kutembea. Mtu aliyewahi kupanda kilima siku nzima, akaketi, akavua viatu na kuangalia giza likiingia, angewajibu bila kufungua kitabu.

Kutoka mashambani hadi mjini ni mwendo wa kushuka. Whitby wakati wa kiangazi hupokea watu wengi kuliko vichochoro vyake vinavyoweza kumeza. Daraja la katikati ya mji, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, hugeuka pembeni kufungulia mashua njia, na watu wa kingo zote mbili husimama kungoja, wameshika chipsi na samaki mikononi, shakwe wakizunguka juu ya vichwa vyao kwa nia mbaya. Upande wa mashariki ndiko kwenye ngazi 199 zinazopanda hadi kanisa la Mtakatifu Maria na abasia. Watoto huzihesabu kwa sauti na hufika juu na idadi tofauti. Zina vituo bapa njiani, na havikuwekwa kwa ajili ya watalii: ni mahali walipotua jeneza wale waliopandisha maiti kwenda kuzikwa.

Juu kabisa kuna Hild. Hakuna ajuaye sura yake, lakini mji mzima umekaa kwenye kivuli chake. Alianzisha nyumba hiyo ya watawa mwaka 657, akaongoza wanaume na wanawake pamoja, na wafalme walimwendea kutaka ushauri. Mwaka 664 alipokea mkutano ulioamua Wakristo wa kaskazini wafuate hesabu ipi ya Pasaka. Mfalme Oswiu alilelewa katika desturi ya Waayalandi, na malkia wake katika ile ya Roma, hivyo iliweza kutokea mfalme anasherehekea na malkia bado yumo katika mfungo, ndani ya jumba moja. Msomaji wa pwani aliyewahi kuona mtaa mmoja ukila Idi na wa pili ukingali na saumu kwa sababu ya mwezi hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Oswiu aliamua kwa Roma. Hild mwenyewe alikuwa upande wa Waayalandi, na akakubali. Ni jambo la kuheshimiwa kuwakaribisha watu nyumbani kwako, kuwalisha, kuwasikiliza, kisha ukashindwa katika ukumbi wako na bado ukabaki mwenyeji wao.

Lakini kisa cha Whitby kinachomgusa zaidi mtu wa hema ni cha mchungaji wa ng'ombe. Bede, mtawa aliyekamilisha historia yake mwaka 731, anasimulia kwamba katika karamu za nyumba ya Hild kinubi kilipitishwa mkono kwa mkono, na kila kilipomfikia mtu ilimpasa kuimba. Caedmon hakujua wimbo hata mmoja. Alipoona kinubi kinakaribia alinyanyuka kwa haya, akatoka. Usiku mmoja alitoka hivyo, akaenda zizini kulinda mifugo, maana ilikuwa zamu yake, akalala humo. Ndotoni akasimamiwa na mtu aliyemwambia aimbe. Akajibu kuwa hawezi, na ndiyo sababu amekimbia karamu. Akaambiwa hata hivyo aimbe, aimbe juu ya uumbaji. Akaimba. Kulipokucha alikumbuka beti zote, akampelekea habari msimamizi wake, naye akampeleka kwa Hild. Abesi yule hakumcheka. Alimpima mbele ya wasomi, akaridhika, akamwingiza ndani ya nyumba, na Caedmon akawa malenga wa kwanza wa Kiingereza ambaye jina lake linajulikana.

Wimbo ule mfupi ungali hai, na ulitoka kwa mtu aliyelala nje ya karamu, karibu na pumzi za ng'ombe, na udongo chini ya ubavu wake. Kuna mambo ambayo akili haiyasikii mpaka ukuta uondolewe. Ndani ya nyumba mvua ni kelele ya mbali. Chini ya turubai mtu hujua inapoanza, inapobadili upande, inapochoka. Hujua saa ya shakwe na saa ya kondoo. Hujua bamvua, kwa kuwa bahari iliyojaa hupiga jabali na ngurumo yake hupanda hadi mgongoni mwa aliyelala. Si kwamba kila alalaye hemani atakuwa Caedmon, ila kimya cha aina hiyo kimepungua sana duniani, na watu wanaokilipia nauli na kukivumilia baridi wanajua thamani yake.

Mwaka 867 hivi Wadeni waliibomoa nyumba ya Hild. Baada ya Uingereza kutekwa na Wanormani ikaanzishwa tena; kuta zinazoonekana leo ni za nyumba hiyo ya pili, iliyofungwa na Mfalme Henry VIII mwaka 1539. Tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Kijerumani zilipiga mizinga miji ya pwani hii, na magofu yenyewe yakapata vidonda vipya.

Chini, katika kichochoro cha Grape Lane, ipo nyumba ya John Walker, mwenye meli wa madhehebu ya Quaker. Mwaka 1746 alipokea kijana wa miaka 17, mtoto wa kibarua wa shambani, aliyekuwa ameanza kazi dukani katika kijiji cha Staithes na kuvutwa na bahari. Wanagenzi wa Walker walilala darini wakati wa baridi, na kijana huyo, James Cook, alijifunza ubaharia kwenye meli za kubeba makaa ya mawe. Hizo hazikuwa meli za fahari. Zilikuwa na tumbo pana na kitako bapa, zikiweza kuketi mchangani maji yakipwa na kupakuliwa palepale. Mwaka 1764 moja ya hizo ilijengwa Whitby. Miaka minne baadaye jeshi la majini likainunua, likaiita Endeavour, na Cook akaipeleka Pasifiki. Ilipopasuliwa na matumbawe karibu na Australia mwaka 1770, kilichoiokoa ni umbo lile la mbeba makaa: ilipandishwa ukingoni mwa mto na kuzibwa.

Nyumba hiyo sasa ni makumbusho, na mtu akipanda hadi darini huipenda ile safari ya kijana maskini. Kuipenda kusimfanye asahau upande wa pili. Cook alikuwa pia mgeni asiyealikwa, na wenyeji wa Pasifiki walilipa gharama kubwa kwa ujio wake na wa waliomfuata. Februari 1779 aliondoka Hawaii alikokwisha kukaribishwa kwa heshima kubwa, akiwa na Resolution, nayo ni meli ya Whitby. Mlingoti wa mbele ukaharibika katika dhoruba, akarudi tarehe 11. Safari hii vyakula vilikuwa vimewapungukia wenyeji na subira pia. Mashua ikaibwa, Cook akashuka pwani kumkamata mtawala wao Kalaniʻopuʻu awe rehani, na tarehe 14 akauawa majini, pamoja na askari wanne wa majini na Wahawaii wengi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga wa Kiswahili, ambao hawakuhitaji kufika Kealakekua, ghuba alikouawa Cook, kuelewa kwamba ukarimu una kipimo, na kwamba anayerudi bila kualikwa yampasa arudi na mikono ya kufanya kazi.

Mgeni mwingine alikuja kupumzika. Kiangazi cha mwaka 1890 Bram Stoker alikaa Whitby, upande wa magharibi palipojengwa nyumba za wapangaji wa likizo. Alizungumza na walinzi wa pwani kuhusu Dmitry, meli ya Urusi iliyosukumwa ufukweni mwaka 1885 ikiwa imebeba mchanga. Katika maktaba ya mji alifungua kitabu cha historia ya Wallachia na kukuta jina Dracula. Riwaya yake yenye jina hilo, ya mfu anyonyaye damu, ilitoka 1897, na tangu hapo Whitby imepata wageni ambao kifo ndicho kinachowavutia: tangu 1994 wapenzi wa mavazi meusi na muziki wa huzuni hukusanyika mjini, wakipanda zile ngazi kwa gauni ndefu na kofia za zamani. Weusi huo una mizizi mjini. Malkia Victoria alipofiwa na mumewe mwaka 1861 alivaa kito cheusi kilichochimbwa kwenye majabali haya, ambacho asili yake ni miti ya kale iliyogandamizwa chini ya matope ya bahari. Wanawake wa Ulaya wakamfuata, na karakana za Whitby zikafanya kazi usiku na mchana. Bado wapo mafundi wanaokisugua hadi king'ae.

Mwaka uleule wa 1861 mji ulikuwa na msiba wake, na huo haukuvaliwa kito. Tarehe 9 Februari dhoruba ilitupa meli moja baada ya nyingine ufukweni, na mashua ya uokoaji ilitoka mara kwa mara na kuleta watu hai. Ilipotoka tena ilipinduka, karibu kabisa na gati, mbele ya macho ya jamaa za waliokuwamo. Kati ya wanamaji 13 alirudi mmoja, Henry Freeman, aliyekuwa amevaa koti jipya la kizibo. Wale wengine walijitosa kwa ajili ya watu wasiowajua, mabaharia wa bandari nyingine. Kwenye makumbusho ya Pannett Park kuna nakala ya chombo cha daktari mmoja wa mji, George Merryweather, kilichoonyeshwa London mwaka 1851: chupa kumi na mbili zenye ruba, ambao waliaminiwa kupanda na kugonga kengele dhoruba ikikaribia. Watu huliangalia dude hilo kwa tabasamu. Ukiwa umesoma majina ya waliozama, unaona humo hamu ya mtu aliyetamani kuwaonya majirani zake mapema, kwa chochote alichokuwa nacho.

Ardhi ya Whitby yenyewe haikai. Mwishoni mwa 1787 nyumba kadhaa za mtaa wa Henrietta ziliporomoka jabali lilipoteleza. Katika mtaa huohuo samaki wa heringi wamekuwa wakikaushwa kwa moshi wa mbao tangu 1872, na harufu yake hukaa nguoni hadi hemani. Mwanzoni mwa 2013, baada ya mvua kubwa, ukingo ulio chini ya kanisa la Mtakatifu Maria ulimeguka na mifupa ya waliozikwa ikatokeza juu ya mtaa. Ikaokotwa na kuzikwa upya. Njia ya miguu inayopita ukingoni kwenda Robin Hood's Bay imesogezwa ndani zaidi ya mara moja. Sheria ya pwani ya 2009 iliona mbele: jabali likianguka, njia inaweza kurudishwa nyuma, na haki ya kupita ikarudi pamoja nayo, bila mpita njia kudai upya. Ni sheria ya busara, na inastahili kujulikana nje ya Uingereza, katika kila nchi ambayo bahari inakula fukwe na hoteli zinafunga njia.

Mwenyeji hana sheria ya kumfuata namna hiyo. Usiku, kutoka mashambani, taa za mji huonyesha jambo ambalo mchana halionekani: nje ya msimu, katika vichochoro vya mashariki, nyumba nyingi huwa giza. Wenye nazo wako miji mingine, au zimegeuzwa za kukodisha kwa wiki, na vijana waliozaliwa hapo hawawezi kuzinunua wala kuzipanga. Juni 2022 wakazi waliitwa kupiga kura: je, nyumba mpya zitakazojengwa ziwe za watu watakaoishi humo mwaka mzima? Watu 2,228 walisema ndiyo, 157 wakakataa. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya sheria, lakini ilisikika. Tangu Aprili 2025 halmashauri ya North Yorkshire huwatoza wenye nyumba za pili kodi ya halmashauri mara mbili.

Ni hatua ya haki, na wageni wa Whitby wangefaa kuwa wa kwanza kuiunga mkono. Anayewauzia samaki, anayefungua daraja, anayetoka na mashua ya uokoaji usiku wa manane hawezi kuishi maili thelathini kutoka gatini. Hild alimtoa mchungaji zizini akampa mahali ndani ya nyumba. Mtu wa hema atarudisha nyasi zake kwa mwenye shamba, nazo zitainuka baada ya siku chache. Nyumba iliyonunuliwa kwa wiki tatu za Agosti haiinuki, na kodi yake ikijenga paa la familia moja ya wavuvi, ndipo ile methali ya mgeni na mwenyeji itakapoanza kutimia katika mji huu.